Mtoto wa Mtu Baki

Wifi yangu Eirlys ndiye msoma matangazo wa kanisa letu, na katika bonde letu hili hakuna anayemfikia kwa sauti. Kila Jumapili baada ya wimbo wa pili husimama, huvaa miwani, hutuambia nani kafiwa, nani kalazwa, nani kachumbiwa na nani kajaliwa mtoto. Lakini sikiliza vizuri. Mtoto wa waliooana hutangazwa pamoja na uzito wake. Mtoto wa wasiooana hurukwa, na habari zake utazipata dukani kwenye foleni ya mkate. Mimi nimeishi na Alun wangu miaka mingi bila cheti cha ndoa, na miaka yote hiyo Eirlys hakuwahi kukanyaga kwangu, ingawa nyumba zetu zimeshikana na tunagawana ukuta wa uani. Akioka keki ya kunipa, anamtuma mumewe Idwal, ambaye ni kaka yangu wa tumbo moja, naye anaipitisha juu ya ukuta kwa haraka kama mtu anayeuza magendo.

Haya nayasema mapema ili nikicheka huko mbele msinione nina roho mbaya. Nina roho ya kawaida tu, imechokozwa.

Eirlys na kaka yangu wana mtoto mmoja, Lowri. Huyu aliolewa mara ya kwanza na kijana mpiga ngoma, kwa shinikizo la mama yake ambaye hakutaka wachumbiane hata majira mawili. Kijana akaenda Bristol kupiga ngoma harusini, akasahau njia ya kurudi. Akamwachia Lowri mtoto wa kiume anaitwa Cai, shavu nene, mkaidi, na ndiye roho ya bibi yake. Lowri alikuwa anafanya kazi kwenye ofisi ya bima huko Cardiff, na ofisi yenyewe ilikuwa na utaratibu wa vocha za malezi: unakatwa sehemu ya mshahara kabla ya kodi, fedha hiyo inageuka vocha, na vocha inatumwa kwa kompyuta hadi kwa mtu anayekulelea mtoto. Huwezi kuinunulia sukari wala kiatu. Inakwenda kwa mlezi aliyesajiliwa tu.

Karibu na ofisi ile kulikuwa na shule ya watoto wadogo inayopokea vocha, na Lowri alikuwa ameshawekewa nafasi. Maana yake Cai angeondoka na treni ya alfajiri akiwa amefunikwa blanketi na kurudi jioni amelala. Eirlys hakukubali. Wakati huo alikuwa anapakua chakula kwenye jiko la shule ya hapa kwetu, na pensheni ya Idwal peke yake haikutosha kuwaweka wote wawili, kwa hiyo kumlea Cai bure hakuweza. Basi akaja na mpango wake. Ataacha kazi jikoni, atasajiliwa kuwa mlezi, Lowri atamlipa yeye kwa zile vocha, na mtoto atabaki bondeni na bibi yake.

Lo, alivyohangaika. Alisoma huduma ya kwanza akamfunga Idwal bandeji hadi akashindwa kunywa chai. Akaweka kijigeti kwenye ngazi, akaziba matundu ya umeme, akawaosha hata njiwa wa Idwal kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja. Mkaguzi akaja, akapita, cheti kikatundikwa ukutani kando ya picha ya harusi yao. Siku hiyo hiyo Eirlys akaacha kazi jikoni, kisha akapiga simu kwenye kampuni ya vocha ili ajiandikishe kulipwa. Msichana wa huko akamuuliza ana uhusiano gani na mtoto. Eirlys akajibu kwa kifua mbele kwamba yeye ni bibi yake mzaa mama.

Hapo ndipo alipoambiwa sheria. Ndugu wa mtoto halipwi kwa vocha mpaka awe analea nyumbani kwake, pamoja na huyo ndugu, angalau mtoto mmoja wa mtu baki. Bila mtoto wa mtu baki, hata senti haiingii.

Alinieleza jioni ile juu ya ukuta, macho mekundu. Nafasi kule shuleni Lowri angeweza kuishikilia mpaka mwisho wa mwezi tu. Baada ya hapo ama Cai anakwenda, ama nafasi inapewa mwingine. "Nitamwona Jumapili tu, Nest," akaniambia, na sauti ile ya matangazo ilikuwa imekwisha kabisa.

Akaanza kuwinda mtoto. Akaweka tangazo kwenye dirisha lake na lingine dukani. Akawasimamisha akina mama barabarani akiwasifia watoto wao, hata wale wasiosifika. Kila mtu alitabasamu, akasema ahsante, wameshapanga mambo yao. Wachache waliosita kidogo, Idwal aliwaharibu mwenyewe, maana kaka yangu anajua undugu wa bonde zima, na kila mtoto aliyetajwa alimpatia babu wa pamoja. Msichana wa vocha alikuwa amesema undugu wa mbali hauhesabiwi, ila Eirlys hakutaka kubahatisha. Mimi nilijua vizuri kwa nini hapati mtoto. Nusu ya wazazi wadogo wa hapa hawajaoana, na watoto wao walishawahi kurukwa Jumapili. Nani atampelekea mwanawe mtu aliyekataa kumtaja? Nilijua, na nikanyamaza, kwa kuwa hakuniuliza.

Siku chache kabla ya mwezi kwisha akahamia Gethin. Alikuwa mtu wa kaskazini, fundi wa mabasi, mjane, mpole, mikono myeusi ya grisi, na ana binti wa miaka minne anaitwa Betsan. Hakumjua mtu hapa, na hakuwahi kusikia tangazo hata moja. Aliona karatasi dirishani, akagonga mlango. Eirlys alimkalisha akamhoji ukoo wake hadi kwa mababu: ana shangazi hapa? Mjomba? Marehemu mkewe je, hakuwa na mtu wa damu bonde hili? Gethin akajibu yote, akidhani ndiyo desturi ya huku. Alipothibitisha kwamba yule mtoto hana hata unywele mmoja wa kwetu, Eirlys alimkumbatia Betsan kwa nguvu mpaka kofia ikamdondoka.

Basi mambo yakanyooka. Gethin naye alikuwa na vocha kutoka gereji ya mabasi. Mwezi wa kwanza Eirlys alimsubiri mwenye kuleta barua, akidhani vocha ni makaratasi ya kukata na mkasi. Alipoambiwa fedha imeshaingia benki kitambo, alikwenda benki kuiangalia, akarudi akasema ipo. Na kwa kazi hakuwa na mzaha. Mkataba ulisema mzazi akichelewa kumchukua mtoto analipa faini, na Lowri alipochelewa treni, faini ikamkuta mlangoni.

"Mama, ni mimi," Lowri akasema.

"Mama yako yuko jikoni anapika," akajibiwa. "Hapa mlangoni yupo mlezi, na mlezi anasema umechelewa."

Lowri akalipa. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuchelewa mara kwa mara, na Gethin naye vivyo hivyo, na ajabu ni kwamba walichelewa siku zile zile. Eirlys alipokea faini zote mbili kwa furaha. Mimi nilikuwa nawaona kwa dirisha langu, wamesimama kwenye mvua kando ya geti, kila mmoja anamwambia mwenzake aingie kwanza. Hilo nalo sikuulizwa.

Walipomwambia kwamba wamechumbiana, Eirlys alilia, akacheka, akaenda kununua kofia. Mtu mzuri, mfanyakazi, mjane wa halali, na harusi ya kanisani. Jumapili ile alilisoma tangazo la uchumba taratibu, neno moja moja, kama anayekula kitu kitamu asichotaka kiishe. Jumatatu akapiga simu kampuni ya vocha kuwaambia kwamba anuani ya Gethin itabadilika. Msichana wa kule akampongeza sana. Kisha akauliza, kwa upole tu, kama anakumbuka kwamba baada ya harusi yule binti atakuwa mjukuu wake kwa ndoa, kwa hiyo atahitaji kupata mtoto mwingine wa mtu baki, la sivyo malipo ya wote wawili yatasimama.

Idwal anasema mkewe aliiweka simu ndani ya kopo la sukari, akafunga mfuniko.

Akarudia kuwinda, na bonde likarudia kutabasamu. Safari hii akaongeza na hila za kuchelewesha harusi. Mara mpiga kinanda ana mkono mbovu, na mkono ulikuwa mzima. Mara ukumbi unavuja. Mara mwezi ule si mzuri kwa maua. Lowri akawa anamtazama mama yake kwa jicho la pembeni, kwa sababu huyu ndiye yule aliyemwoza haraka haraka mara ya kwanza.

Ndipo siku moja asubuhi nikasikia mlango wangu wa mbele unagongwa. Nafungua, nani? Eirlys. Alijifuta miguu kwenye mkeka wangu kwa muda mrefu, akaingia, akakaa kwenye ncha ya kiti akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Wifi," akasema, "nataka kukuuliza jambo, na usinicheke."

"Hilo siwezi kukuahidi."

"Nyie mnaishije?"

"Sisi akina nani?"

"Wewe na Alun. Bila ile... Watu wanaanzaje? Kuna mahali pa kutia saini?"

Nikamwambia hapana mahali pa kutia saini, ndiyo maana yake. Mmoja anahamisha nguo, mwenzake anampa nusu ya kabati, kisha mnagombania blanketi mpaka mnazeeka. Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mwanafunzi. Halafu akanimwagia yote: sheria, harusi, kopo la sukari. Akataka kujua kama naona itafaa awaombe Lowri na Gethin waishi tu, kama sisi. Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka Alun akaja kutazama kama nimepaliwa. Miaka yote nilikuwa nafikiria nitamwambia nini siku akiingia kwangu, na sasa ameingia kuomba mafunzo. Kisha nikaona machozi yanamdondokea kwenye mkoba, nikaacha. Ukiniuliza kama nilimwonea huruma, nitasema ndiyo, lakini baadaye kidogo.

Nikamwambia ukweli wote ambao sikuwa nimeulizwa: kwamba hapati mtoto kwa sababu ya matangazo yake. Akasema si kweli. Akanywa chai. Akasema huenda ni kweli.

Jumatano akawaita Lowri na Gethin kula supu ya nyama ya kondoo na liki, mboga ya jamii ya kitunguu, na mimi akaniambia niwepo, nadhani kama mtaalamu. Alizunguka sana kabla ya kufika penyewe, hadi Lowri akaweka kijiko chini.

"Mama, unaniambia nisiolewe?"

"Nakuambia usiharakishe."

"Mara ya kwanza uliniharakisha."

"Nilikuharakisha," Eirlys akasema, "na nilikosea. Nakuomba radhi kwa hilo. Na sasa nakuomba uishi naye bila ndoa."

Idwal akakohoa supu. Gethin, ambaye huzungumza kama analipishwa kwa neno, alisema yeye yuko tayari kwa vyovyote, mradi Betsan asitolewe nyumba ile mchana, kwa sababu tangu mama yake afariki hajamwona anakula vizuri kama anavyokula pale. Lowri akafikiri. Akasema sawa, lakini kwa sharti. Uchumba wao ulishatangazwa mbele ya watu wote. Harusi ikifa kimyakimya, bonde litasema Gethin kamtoroka kama yule mpiga ngoma, na hilo hatalivumilia mara mbili. Kwa hiyo mama yake atasimama mwenyewe kanisani atangaze, na sababu ataitaja.

Sikulala vizuri usiku wa kuamkia Jumapili, na si mimi niliyekuwa nakwenda kusoma.

Alisimama baada ya wimbo wa pili. Akamtaja marehemu wa wiki ile, akataja mgonjwa mmoja, akataja keki za kuchangia paa. Kisha akavua miwani.

"Harusi ya binti yangu Lowri na Gethin haitakuwepo," akasema. "Hawajagombana. Watahamia nyumba moja na kuishi pamoja bila ndoa, na mimi ndiye niliyewaomba. Wakioana, Betsan atakuwa mjukuu wangu, na vocha za malezi zitasimama, na watoto wote wawili wataondoka kwangu. Siwezi." Akakunja karatasi ya matangazo. "Nimewasomea mambo yenu miaka mingi, na mengine nikayaruka kwa makusudi. Leo nimesoma langu. Chai iko tayari."

Mchungaji akajikuta anatangaza wimbo ambao tulikwisha kuuimba, tukauimba tena.

Kwenye chumba cha nyuma, Eirlys alisimama nyuma ya birika kubwa akimimina chai bila kuinua uso. Wa kwanza kumfikia alikuwa bibi kizee Gwenllian, ambaye akikuchukia ndipo anapokusalimia vizuri zaidi. Nilisogea karibu, sikatai.

"Kitukuu wangu Dewi ana miaka miwili," Gwenllian akasema. "Wazazi wake hawajaoana. Hukumtangaza."

"Najua," Eirlys akasema.

"Mama yake anatafuta mlezi tangu mwaka jana. Anapita barabara ya juu ili asilione lile karatasi lako dirishani. Nikimwambia apite ya chini, una nafasi?"

Eirlys aliendelea kumimina hadi chai ikafurika kwenye sahani. Hakuuliza habari za cheti cha ndoa. Aliuliza kitu kimoja tu: huyo Dewi ana undugu wowote na sisi? Gwenllian akamtazama Idwal, sote tukamtazama Idwal. Kaka yangu, ambaye ningeapa anajua kitu fulani kwa upande wa nyanya yetu, alijaza keki mdomoni na kutikisa kichwa kwamba hapana. Kabla birika halijapoa, akina mama wengine wawili walikuwa wameshakuja kuulizia.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Eirlys naye alidhani hivyo. Jioni ile akaenda mbio kwa Lowri, nami nikamfuata kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuwepo, akawaambia yeye na Gethin habari njema: mtoto wa mtu baki amepatikana, vocha haziguswi, waoane tu. Lowri alikuwa anakunja nguo. Akasema haina haraka, mama. Wameshalizoea wazo. Harusi ni gharama, na nusu ya mashati ya Gethin yameshaingia kabatini. Si yeye aliyewaomba?

Niliyaona maneno yote ya zamani ya Eirlys yakija mpaka kwenye meno na kugeuka, maana asubuhi ile ile aliyatoa kafara mbele ya kanisa zima. Nakiri, nilistarehe. Nilivuta kiti.

"Sisemi kwa ajili ya kanisa," akasema mwishowe.

"Kwa ajili ya nini basi?"

"Jumanne Betsan alianguka kwenye bembea, nikamkimbiza zahanati. Muuguzi akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema mimi ni mlezi. Akaniambia vizuri tu nisubiri nje mpaka baba yake afike." Alikuwa anazungumza na mashati yale, si na Lowri. "Nilikuwa namsikia analia, na mimi nimekaa upande wa pili wa mlango. Angekuwa Cai ningeingia. Mimi nimezunguka bonde zima natafuta mtoto wa mtu baki, Lowri, nikampata, na sasa sitaki awe wa mtu baki. Nataka awe wangu. Nioneeni huruma, oaneni."

Nilisimamisha kicheko changu palepale. Lowri alidondosha shati, akaenda kumshika mama yake, wakalia pamoja bila hata kuoneana haya. Gethin alitoka kwenda koridoni akampigia mchungaji simu kuuliza kama ile tarehe yao inaweza kupatikana tena. Mchungaji akamjibu kwamba ipo vile vile, kwa kuwa Eirlys hakuwahi kwenda kuifuta.